Nilichosema Jordbro Kuhusu Kodi ya Mapato

Jumapili, Bredäng. Novemba inakwisha.

Kinachoanguka nje si mvua wala theluji. Ni ule uji wa maji unaokuja upandeupande na kuingia kwenye kola hata ukijifunga vipi. Saa tisa alasiri, na taa za barabarani zimeshawaka. Nimekunywa chai vikombe vitatu nikidhani hasira itashuka. Haijashuka. Basi niandike.

Jana nilisema mbele ya watu, kwenye kipaza sauti, jambo nililolifungia kwa miaka saba. Leo asubuhi kamati ya chama chetu imenitumia ujumbe: niombe radhi kabla ya Jumatano, la sivyo watanijadili.

Sitaomba.

Chama chetu ni cha sisi watu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Kongo na Burundi tuliotawanyika katika mji huu wa Waswidi. Kila baada ya miezi michache tunakodi ukumbi kule Jordbro, tunapika, tunaimba, na tangu mwaka huu tunafanya mdahalo kwa Kiswahili, ili watoto waisikie lugha ikifanya kazi nyingine zaidi ya kuwagombeza. Hoja ya jana aliitoa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Lubega: Serikali ifute kodi ya mapato. Uchaguzi unakaribia, kila mtu kazini anazungumzia kodi, na yeye hapendi tuwe wageni kwenye mazungumzo ya nchi tunayoishi. Katika hilo namuunga mkono.

Tulipangwa wawili kupinga. Mwenzangu akaamka na homa. Nikabaki peke yangu, na karatasi moja niliyoiandika kwenye treni.

Inabidi nimweleze Mzee Lubega vizuri, nisije nikamgeuza jambazi. Alikimbilia hapa kutoka Uganda mimi nikiwa bado natembea peku kule Voi. Ana kampuni ya usafi. Amewasomea watu barua za serikali, amesimamia mazishi yetu, amewapokea wanafunzi uwanja wa ndege ambao hata hakuwajua. Mume wangu alipotuacha, binti yangu Neema akiwa na miaka minne na mimi Kiswidi changu kikiishia kwenye salamu, Mzee ndiye aliyenipa koti la baridi. Na kazi.

Hilo ndilo linalonikaba. Mtu mbaya ningemsema zamani.

Alianza yeye, na alizungumza vizuri. Alisema nchi hii ilifuta kodi ya urithi, ikafuta kodi ya utajiri, kwa hiyo mtoto wa tajiri hupokea nyumba akiwa amekaa, lakini mwanamke anayeamka alfajiri kusugua vyoo hukatwa kabla hajaushika mshahara wake. "Kwa nini waliona aibu kumgusa mwenye mali," aliuliza, "lakini hawaoni aibu kumgusa mwenye jasho?" Watu walipiga meza. Akasema kuna nchi za Ghuba ambazo hazimkati mfanyakazi hata kidogo na barabara zao zinang'aa. Akasema serikali ichukue kodi kwenye ardhi, kwenye majumba, kwenye vitu tunavyonunua, ila mshahara iuache kama ulivyo.

Nikiri hapa: swali lake la jasho na mali lilinichoma. Sina jibu lake hata sasa. Kila mwezi nikifungua hati ya mshahara naangalia mstari wa kodi na kusonya. Nimeshamwambia Neema mara ngapi sijui kwamba nusu ya mwezi huu naifanyia kazi serikali.

Lakini nilisimama. Nikasema mimi ni muuguzi msaidizi, naenda nyumba kwa nyumba hapa Bredäng kuwaogesha wazee, kuwavika soksi, kuwapa dawa. Nikasema wazee hao hawaulizwi wana nini benki kabla sijawavua viatu. Nikasema ukifuta kodi ya mshahara ukaipeleka kwenye mkate na nauli, utakuwa umemwondolea mzigo mwenye mshahara mkubwa na kumtwika yule ambaye senti zake zote zinaishia dukani. Kuhusu zile nchi za Ghuba niliuliza ni wangapi ukumbini wana ndugu aliyekwenda kufanya kazi za ndani kule. Mikono mingi ilipanda. Nikauliza walipougua nani aliwatibu. Ukumbi ukapoa kidogo.

Nilikuwa naendelea vizuri. Ningemaliza, ningekaa, tungekula pilau.

Ila Mzee alikuwa na dakika moja ya kujibu. Baraka, Mtanzania mmoja dereva wa basi ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mdahalo, akampa kipaza sauti, na Mzee akanitazama huku akitabasamu lile tabasamu lake la baba.

"Tumsamehe Mama Neema," alisema. "Yeye mshahara wake unatoka kwenye kodi, lazima aitetee. Sisi tulioanzisha kazi zetu kwa mikono yetu tunajua. Mtu akilipwa mkononi, chote, bila serikali kuingiza mdomo, huyo ndiye mtu huru."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Nami nilikuwa nimeshakaa.

Nikasimama tena. Sikuomba kipaza sauti, nilikichukua.

"Mzee," nikasema, "mimi nimeshaishi katika nchi isiyo na kodi ya mapato. Niliishi humo miaka mitatu. Nchi hiyo ilikuwa kampuni yako."

Nilisikia mtu akiweka kikombe chini.

Nikasema yote. Kwamba nilisafisha nyumba za watu miaka mitatu na jina langu halikuandikwa popote. Kwamba siku moja ya Machi nilipanda ngazi kusafisha dirisha la juu la nyumba moja kule Spånga, ngazi ikateleza, nikaangukia ngazi za mawe za mlangoni, nikavunjika nyonga na kifundo cha mkono. Kwamba hospitali walinitibu, wakanipasua, wakanifundisha kutembea upya, na hawakuniuliza nimechangia nini. Lakini daktari aliponiuliza nimeangukia wapi, nilimwambia nilikuwa natundika mapazia nyumbani kwangu. Na ofisi ya bima waliponiuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nilisema sina kazi. Nilidanganya ili Mzee asipate shida. Pesa ya ugonjwa hapa inahesabiwa kutokana na mshahara ulioandikwa. Wangu haukuandikwa. Nililala kitandani miezi mitano kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi maishani mwake.

"Ulinilipa mkononi, chote," nikamwambia. "Na nilipoanguka, nilianguka peke yangu. Uhuru wenyewe ndio huo?"

Mzee hakupandisha sauti. Hapandishagi. Alisema taratibu, kila mtu akimsikia: "Mama Neema, wewe ndiye uliyelia ofisini kwangu ukaniomba nisikuandikishe. Ulisema ukikatwa hutaweza kulipa nyumba."

Ni kweli.

Narudia hapa, kwa sababu nimeamua blogu hii isiwe mahali pa kujipamba. Ni kweli nililia, ni kweli niliomba. Na nilifurahia zile noti. Nilimnunulia Neema baiskeli nyekundu kwa noti zile.

"Nililia, Mzee," nikajibu. "Lakini mimi nilikuwa sijui kile ninachokikataa. Wewe ulijua. Ulikuwa unasoma barua zao kila siku."

Hapo Baraka akasema muda umekwisha, ingawa hakuna aliyekuwa anautazama muda. Mwanamume mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba huko ni kukwepa kodi, na kufuta kodi kisheria ni jambo jingine kabisa, nisichanganye mambo. Alikuwa na haki. Si jambo moja. Serikali inaweza kuifuta na bado ikanipa kitanda, ikipata pesa kwingine. Ningekuwa na utulivu ningemjibu kwamba mimi sibishani kuhusu kitanda tu. Nabishana kuhusu ule mstari kwenye hati ya mshahara. Ule mstari ninaousonya ndio unaosema kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu huyu alifanya kazi. Kwa miaka mitatu hakuna karatasi iliyosema hivyo juu yangu.

Nilimrudishia Baraka kipaza sauti. Kura haikupigwa. Pilau ililiwa, watu wakipishana na mimi kama ninayenuka.

Neema alikuwa ukumbini.

Hilo sikulifikiria nilipokinyakua kile kipaza sauti. Ana miaka kumi na minne sasa. Kwenye treni ya kurudi alikaa mkabala nami, kofia imemfunika nyusi, vituo vikipita. Kisha akasema, kwa Kiswidi kama kawaida yake, "Lakini uliniambia ni mapazia."

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimemwambia hata yeye, akiwa na miaka saba, kwa sababu watoto huulizwa shuleni.

"Niliyaogopa yale mapazia," alisema. "Nilikuwa sitaki uyafungue asubuhi."

Sikujua. Miaka yote ile mtoto wangu anaogopa kitambaa, kwa sababu mimi namlinda mtu mzima mwenye kampuni. Nilitazama nje, hakukuwa na cha kuona ila sura yangu kwenye kioo. Halafu akauhamisha mguu wake ukagusa wangu, akauacha hapo hadi tulipobadilisha treni. "Ulifanya vizuri, mama," alisema. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Sasa huu ujumbe wa kamati. Unasema nimemvunjia heshima mzazi wetu hadharani. Unasema nilipaswa kumwendea faragha. Nimejaribu kuwaza ningemwambia nini faragha ambacho hakijui. Alikuja hospitali. Aliniona nimefungwa vyuma. Aliniletea wali na kuku, na bahasha mara mbili, akaniombea kwa machozi ya kweli. Halafu dirisha la Spånga likapata mtu mwingine wa kulisafisha.

Katika ujumbe wote ule hakuna anayesema nilidanganya. Wanasema tu sikupaswa kusema. Na mmoja wa kamati, ambaye simtaji, ameniandikia pembeni kwamba nitawafanya Waswidi watuone wezi. Nimemjibu kwamba waliodhulumiwa pia ni sisi.

Nilikuwa nafikiria nijitoe kwenye chama, niokoe pumzi yangu, pale simu ilipolia, saa sita hivi. Namba nisiyoijua. Mwanamke, sauti ya chini, Kiswahili cha Bukavu, ambako dada mkubwa huitwa yaya.

"Yaya, miye naitwa Espérance. Nilikuwa nyuma, karibu na mlango."

Nikamwambia sikumbuki uso wake. Akasema ni sawa, alitoka mapema.

"Miye pia niko vile," akasema. "Miaka mbili sasa. Kontra sina. Na niko na mimba, ya miezi ine."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Nikamuuliza kama hiyo kazi isiyo na mkataba ni kwa Mzee. Akasema ndiyo, kwa Mzee. Si zamani, si yaliyopita. Ijumaa alikuwa juu ya ngazi.

Na mimi niliyekuwa nikijiuliza kama nilikosea kufukua mambo ya miaka saba!

Nilimweleza ninachokijua: kwamba pesa za likizo ya uzazi nazo hutazama mshahara ulioandikwa, kwamba miezi iliyobaki inaweza kusaidia kidogo, si sana, na kwamba kuna chama cha wafanyakazi ambacho kina watu wa kumsikiliza. Nilimweleza pia ambacho sikijui. Aliuliza Mzee atamchukia? Nikamwambia huenda. Aliuliza Mzee atafungwa? Nikamwambia sidhani, ila sijui, na kwamba tutaanza kwa kumwomba yeye mwenyewe, uso kwa uso, amwandikishe. Kama kamati wanataka faragha, faragha hiyo hapo.

"Na wewe utakuja, yaya? Miye sitaweza kusema."

Nilisema nitakuja kabla sijapata muda wa kuogopa.

Kwa hiyo sijibu ule ujumbe wa kamati leo. Wajadili. Wakitaka kunifuta kwenye orodha, wanifute. Wakitaka mdahalo mwingine kuhusu kodi, wauitishe, nami nitakwenda, na safari hii nitakuwa na jibu kwa yule bwana wa nyuma. Nitasema pia kwamba Mzee alikuwa na haki kuhusu mali na jasho, na kwamba mwenye majumba naye aguswe. Naweza kumkubalia hilo na bado nisimwombe radhi. Kumbe mambo hayo mawili yanakaa pamoja kifuani, hata kama yanabanana.

Ninampenda yule mzee. Naandika hivyo ili nisije kujifanya baadaye kwamba ilikuwa rahisi.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Kesho saa mbili asubuhi Espérance atanisubiri mlangoni mwa ofisi ya Mzee. Nimemwambia avae viatu visivyoteleza, tule kwanza, na asizungumze hadi atakapojisikia tayari. Nitaanza mimi. Nitamwamkia Mzee shikamoo kama kawaida, nitakaa bila kungoja kukaribishwa, na nitamwambia jina la huyu dada, lote, herufi kwa herufi, hadi achukue kalamu.