Mikeka Kumi na Mmoja ya Kamba

Shangazi Mare mpendwa, naomba msaada wako, na mwandiko unisamehe maana naandika kwa mkono wa kushoto. Nina miaka hamsini na minne, niko baharini tangu nikiwa na kumi na tisa, na Novemba iliyopita nikiwa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitahani, kamba ya kufungia meli ilikatika ikanivunja mkono wa kulia toka begani hadi kiganjani, wakanirudisha hapa kijijini Prčanj kwenye nyumba ya marehemu mama, vidole vitatu havikunjiki, na sasa kampuni imeleta karatasi: euro elfu ishirini na mbili, nisaini kabla ya Ijumaa na nisidai tena. Wakili wa chama cha mabaharia kaniambia, "Usiiguse hiyo, mzee. Kwanza tujue mkono wako una thamani gani," akanipa fomu. Mshahara niliopoteza nimejaza, miaka iliyobaki kazini nimejaza, ila ukurasa wa mwisho unauliza kabla ya kuumia nilikuwa nafanya nini nyumbani, na ni nani aliyeniona. Shangazi, sikuwa nyumbani. Mke wangu Ane aliondoka miaka tisa iliyopita, akasema amechoka kuolewa na simu. Nimeandika "hakuna", nikafuta, nikaandika tena "hakuna".

Jirani yangu Nikša, anayeniletea mkate, alicheka. "Acha ujinga, Vicko! Mimi nitaapa ulikuwa unachuma zeituni, unapiga kasia kila Julai kwenye ule msafara wa mashua wa kwenda kumwaga mawe baharini, unacheza ngoma mpaka viatu vinatoboka. Wewe unikatie theluthi tu."

"Julai zote nilikuwa baharini."

"Sasa jaji atajulia wapi?"

Ukimwacha wakili, ni Nikša peke yake anayejua nimerudi. Binti yangu Tonka, aliyeko mjini Podgorica, anadhani niko melini. Nampigia Jumapili, nasingizia mtandao mbovu, nakata. Madirisha ya upande wa bahari siyafungui nisije nikaonekana. Tangu Tonka akiwa na miaka kumi, kila nilipomaliza mkataba nilimpelekea mkeka wa mlangoni niliousuka mwenyewe kwa kamba kuukuu za meli, sasa anayo kumi na mmoja na hana pa kuiweka, hunicheka sana. Siku hizi hata viatu nafunga kwa meno. Je, nisaini, au nimkubalie Nikša? Nina upweke, Shangazi, sijui niseme vipi zaidi.

Vicko, Prčanj

Ndugu yangu Vicko,

Pole sana. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo melini, kwa hiyo nawajua nyinyi: mtu kavunjika mbavu, simu inasema "mzima kabisa". Sasa nisikilize.

Usisaini. Mkono ambao bado unatibiwa hakuna anayeweza kuukadiria, na kampuni inajua hilo, ndiyo maana ina haraka. Nenda kwa daktari wako, si wa kwao, aandike vidole vimebaki na nguvu gani. Wakili adai ripoti ya ajali na umri wa ile kamba. Wapigie simu mabaharia wawili uliokuwa nao sitahani siku hiyo, kabla hawajapanda meli nyingine.

Nikša mshukuru kwa mkate, kisha mwambie anyamaze. Wataleta orodha ya safari zako, waone Julai zote hukuwepo, na uongo wake utauzamisha ukweli wako wote.

Ule ukurasa wa mwisho umeniandikia mimi badala ya kuwaandikia wao! Mtu asiye na maisha ya nyumbani hasuki mikeka kumi na mmoja. Na shahidi unaye, ila umemfungia nje miezi yote hii, halafu unanililia upweke. Una haki ya kulia, lakini mlango umeufunga wewe.

Mpigie Tonka leo, usingoje Jumapili. Habari ya fidia iache kwanza. Mwambie uko Prčanj tangu Novemba na kwamba huwezi tena kusuka, na usikate simu. Atalia, atakufokea, kisha atauliza basi linaondoka saa ngapi. Mwambie aje na mkeka mmoja. Wakili atataka kuupiga picha, na mlangoni kwako hakuna hata mmoja.

Mare