Mbegu Yako ya Wimbi Imesafiri

Baba,

Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike hapa Lugulu, na leo nakuandikia nikiwa na hasira. Nalia pia, lakini hasira ndiyo imetangulia.

Mbegu yako ya wimbi ilienda. Ile nyekundu uliyoachiwa na nyanya, uliyokuwa ukiichagua suke kwa suke kabla mtu yeyote hajagusa shamba, kisha unaihifadhi na majivu kwenye kibuyu. Wiki tatu baada ya mazishi walikuja wageni wawili kutoka ng'ambo, ati wanakusanya mbegu za zamani wakazichunguze kwao. Mama akawachinjia kuku. Walipoinuka kwenda akawafungia kibuyu kizima kwenye leso. Nilipomuuliza, alinishangaa: "Si ni wageni, bana? Ningewaachilia hivi hivi?"

Ningemlaumu vipi? Ni wewe uliyekuwa ukisema, "Mgeni akitoka kwangu mikono mitupu, maskini ni mimi."

Tangu hapo tumekuwa tukipanda wimbi la kununua. Juzi zikaletwa pakiti mpya kwenye duka langu la pembejeo kule Kibomet. Nikafungua moja, nikamwaga kiganjani, nikazisogeza kwenye mwanga. Punje zimenenepa kidogo, lakini rangi ni ile ile. Siwezi kuapa, Baba. Labda nina roho mbaya. Ila nimepepeta wimbi lako utoto wangu wote, na macho yangu hayajazeeka. Pakiti inakuja na karatasi ya kusaini: ukivuna usiweke mbegu, msimu ujao ununue tena.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi tajiri zilitajirika kwa bidii na akili. Nikaamini. Lakini wewe uliamkia shamba kila siku mpaka mgongo ukakataa, na akili ya kuchagua yale masuke ilikuwa ya nani? Kwetu kitu kinatoka bure, kwa heshima, pamoja na kuku. Kikifika kwao kinapata mwenyewe. Halafu wanatuita semina kutueleza kwa nini hatuendelei, na sisi tunapiga makofi. Siku hizi hata zawadi ya kalamu naigeuza mara mbili kabla ya kushukuru.

Bahati ni kwamba shangazi kule Lwakhakha alikuwa na konzi mbili ulizompa zamani. Tulizipanda nyuma ya jikoni, zikakubali. Sasa mbegu ipo tena, debe moja. Sijui nani amewaambia, lakini wale wageni wamepiga simu. Jumamosi wanakuja, ati kumsalimia mama tu.

Nisamehe, Baba. Nitawapikia vizuri na nitacheka nao. Lakini ghala nimelitia kufuli na ufunguo ninao mimi, hata mama sijampa. Nakuahidi, nitawasindikiza mpaka langoni nikiwaangalia mikono, na itakuwa mitupu.

Pumzika, Mzee wangu.

Binti yako,
Nekesa