Kilo ya Kwanza

Jumamosi, 1 Machi

Keki ya leo imedidimia katikati kama godoro la wageni. Hii ni pakiti ya tatu ya unga. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina ngano na inafaa kwa kila kazi. Kila kazi – labda kuziba ufa ukutani.

Pakiti ya kwanza ilikuwa mchele mtupu, ukitafuna unasikia mchanga. Ya pili, wanga umezidi, keki ikanata kwenye meno. Hii ya tatu ilipanda vizuri. Nilipiga magoti mbele ya kioo cha oveni nikafurahi kama mjinga. Nikaitoa. Ikashuka nikiiangalia, polepole, kama mtu anayetafuta kiti ili asikilize habari mbaya.

Mrefu, mpenzi wangu, alikula vipande viwili, akasema tamu. Husema tamu kwa kila kitu. Tangu daktari amwambie kwamba ngano inamuumiza utumbo, hata chembe tu, hajala keki iliyo keki. Aliwahi kunisimulia, mara moja tu, ile ya ndimu aliyokuwa akiokewa na mama yake utotoni. Unaibonyeza kwa kidole, inarudi. Alisimulia huku akiangalia dirishani. Nami nikajiapiza kimoyomoyo: atabonyeza tena, na itarudi.

Dada yangu anasema wenzangu wanapenda kwa macho, mimi napenda kwa gramu. Alikuwa anapinda gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Hazikumzuia kucheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeachana na pakiti. Nachanganya mwenyewe. Mchele sehemu mbili, mtama mweupe sehemu moja, wanga wa muhogo sehemu moja. Mchele unabeba, mtama unatia ladha, wanga unalainisha. Inayokosekana ni ile nguvu ya ngano ya kushikana. Kwa hiyo natia poda ya gundi ya kuokea, ile ya kichupa, kijiko kidogo. Ukizidisha, umeoka raba.

Tatizo ni kusaga. Mashine ya pale kona inasaga kila kitu, na ngano ndiyo nyingi. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Naenda asubuhi, niwe wa kwanza. Fundi anapangusa kwa brashi, halafu tunasaga kilo moja ya mchele ambayo sitaitumia. Hiyo inabeba mabaki ya jana. Nampa jirani, ana kuku. Baada ya hapo ndipo unaposagwa wangu. Sijui kama inatosha. Ninachojua ni kwamba tangu nianze hivyo, Mrefu hajaumwa na kitu nilichopika.

Fundi ananiita Dada wa Nadhiri, anadhani ile kilo ya kuku nimemwahidi Mungu. Leo kauliza nadhiri yenyewe inaisha lini, maana kuku wa watu wamenenepa. Nilimweleza sababu, mashine ikiwa inanguruma. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Sidhani kama alisikia neno.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana nyumbani kwa mkuu wa kazi wa Mrefu. Watu kama kumi mezani. Mchuzi ulikuwa mzito. Nikamuuliza mwenye nyumba kama ametia unga wa ngano. Akasema kidogo tu. Nikamwambia kidogo ndiyo sumu yenyewe. Nikauliza na kijiko, kama kimechovywa huku na kule. Kisha nikaeleza. Utumbo, vile vinyweleo vya ndani, unavyochubuka, anavyoharisha. Ndiyo, nilisema anavyoharisha. Mezani.

Nilikuwa sahihi. Niliyosema yote yalikuwa sahihi.

Tulifika getini kwetu. Hapo akasema wale watu wameujua utumbo wake kabla ya kumjua yeye. Akasema amechoka kuwa mgonjwa wangu. "Ukiniangalia unaona tumbo."

Nikamwambia ninajali. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomchosha.

Kazini nasahihisha vitabu vya watu kutwa nzima. Nukta, mkato, herufi iliyoruka. Labda sijui kumwangalia mtu bila kalamu nyekundu.

Kabla hajaondoka aliomba jambo moja. Nisimseme tena mbele za watu. Hata iweje. Nikasema sawa. Hakuingia ndani. Keki ilikuwa jikoni, nimeifunika kitambaa.

Jumatatu, 17 Machi

Hakupiga simu. Keki wamekula mafundi wa ofisini kwa dada. Wamesema ni mkate mzuri.

Jumapili, 6 Aprili

Amekuja kuchukua koti lake. Tuliongea tumesimama. Alikuwa mpole. Heri angekuwa mkali, ningepata pa kushika. Ameniambia kuna mtu. Amenitakia mema. Amesema nile.

Nile!

Dada alitoka chumbani akiwa na mkasi mkononi, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Mrefu akauangalia, akaaga haraka. Dada anaapa alikuwa anakata mikono ya shati.

Nilicheka. Halafu kile kicheko kikageuka.

Jumamosi, 21 Juni

Miezi miwili na ushee sijagusa oveni. Leo nimeoka, sijui kwa nini. Nilichanganya, nikatia maganda ya ndimu, kisha nikakumbuka kitu, nikaenda dirishani, nikasimama pale. Nilisimama muda mrefu. Kuna mwanamke alikuwa anaanika mashuka ng'ambo, upepo unamnyang'anya, anakamata, unamnyang'anya. Niliporudi, rojo lilikuwa limebadilika. Limekuwa zito, laini, halina chenga. Mchele ulikuwa umekunywa maji yake.

Kumbe ni hilo tu. Ulihitaji kuachwa kwanza. Siku zote nilikuwa na haraka ya kuutia motoni.

Imepanda. Haikushuka. Nikaibonyeza kwa kidole katikati. Ikarudi.

Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, nimelia mpaka kamasi. Dada alinikuta hapo. Alikata kipande, akala, akakata kingine. Akasema hii hata ngano ingeionea wivu. Kisha naye akakaa sakafuni na mafuta ya keki kwenye kidevu, akanishika mguu.

Jumanne, 12 Agosti

Mama yake Mrefu amepiga simu. Bado ananiita mwanangu. Alianza na salamu, akauliza dada, akauliza kazi, akauliza mvua. Nikajua kuna jambo, maana mvua haijanyesha kokote.

Jumapili wanakuja wageni kwa chakula cha mchana. Wazazi wa binti, yule mtu wa Mrefu. Mambo yamefika huko. Binti anataka kuoka ile keki ya ndimu mwenyewe, na amehangaika na pakiti za dukani, zote zinamwangusha. Mama akakumbuka kwamba mimi nilikuwa nahangaika na unga. Akasema anaona haya kuniomba. Akaomba.

Nikamtajia. Mchele mbili, mtama mweupe mmoja, wanga mmoja, gundi kijiko kidogo. Nikasikia mtu pembeni yake akirudia kwa kunong'ona, "mtama mweupe mmoja." Sauti nyororo. Nikaenda polepole ili aandike. Nikasema rojo lipumzishwe nusu saa kabla ya kuoka. Sauti ikanong'ona, "lipumzishwe."

Nimempa mpaka na kile kilichonitoa machozi sakafuni.

Dada hajaamini. Anasema yeye angemtajia chokaa na simenti, sehemu mbili kwa moja, na kupumzisha usiku kucha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeenda kusaga, asubuhi. Fundi wa mashine alikuwa na furaha ya umbea. Akasema jana jioni amesaga mchanganyiko wangu, ule ule, kwa dada mwingine. Mpole huyo, mwembamba, ana karatasi mkononi. Yeye akamuuliza, na kilo ya nadhiri iko wapi? Dada wa watu akamwambia hana nadhiri na mtu. Fundi akacheka sana akinisimulia. Nami nikamuuliza, kabla yake ulisaga nini.

Ngano. Magunia mawili ya mwenye mgahawa. Mpaka kope zake bado zilikuwa nyeupe.

Nimempigia mama yake Mrefu. Haipokelewi. Nimempigia tena mchana. Atakuwa jikoni, simu iko chumbani, namjua. Nimemwandikia Mrefu meseji. Haijafika. Naona alishanifungia.

Jumanne nilitaja gundi. Nilitaja kupumzisha. Mashine sikuitaja. Nimejiuliza kutwa nzima. Sikumbuki kuisahau. Sikumbuki kuiacha. Naitafuta ile dakika, siioni.

Naoka. Sina la kufanya na mikono.

Jumapili, 17 Agosti

Niko jikoni kwa kina Mrefu. Naandika haraka.

Nimekuja na keki yangu ndani ya bati la biskuti. Njiani nilijiambia nitaongea na mama yake mlangoni, dakika moja, nitaondoka. Alipofungua, uso wake ukaanguka. Nyuma yake sebule imejaa, viatu vya wageni vimepangwa. "Mwanangu, si leo." Nikasema ni kuhusu unga. Hakusikia unga, aliona mimi na bati. Akanipitisha mlango wa nyuma, akanikalisha hapa, akasema ataniletea mwanawe tuongee kama watu wazima, nisipige kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu.

Mrefu akaja. Amenenepa kidogo, anapendeza. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia asile keki. Nikamweleza mashine, magunia ya mgahawa, kilo ya kwanza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu. Alinisikiliza akiwa ameegemea friji. Halafu akasema, kwa upole ule ule, "Hata leo? Hata leo lazima niwe mgonjwa?"

Haamini. Anadhani ni wivu. Wivu upo, lakini na ngano ipo.

Nikamwambia basi nitamwambia mama yako. Akasema nikitamka neno tumbo mbele ya wale watu, hatanisamehe. Akanikumbusha kwamba niliahidi. Akarudi sebuleni. Namsikia anacheka na baba wa binti. Ataila. Namjua. Atakula vipande viwili na kusema tamu, kisha atakaa wiki nzima amejikunja, au zaidi, na hatamwambia mtu.

Halafu binti akaingia kuchukua glasi. Kumbe ndiye huyu. Akanisalimia kwa mikono miwili. "Wewe ndiye dada wa unga? Dada, imepanda! Sikuamini." Akaniinulia kitambaa nione. Hii hapa mezani, kwenye sahani ya maua, amechekechea sukari juu. Kwenye kifundo cha mkono ana alama ya kuungua, mstari mdogo, pale pale nilipo na wangu. Waya wa oveni. Nilifungua mdomo nimwambie. Angeibomoa kwa mikono yake, akalia, na wazazi wake wangeuliza kuna nini. Na tumbo lingetajwa. Nikafunga mdomo. Akasema ananiletea soda, akatoka.

Basi iko hivi. Keki mbili, ndimu mbili, jikoni sina mwenzangu. Sukari iko kwenye kopo lake.

Nimeziondoa zote mbili. Yangu nimeiweka kwenye sahani ya maua, nimeichekechea sukari, nimerudisha kitambaa. Nitaondoka na yake chini ya kwapa. Hakuna atakayesemwa. Ataibonyeza kwa kidole na itarudi, atafumba macho, na akifumbua ataangalia upande wa pili wa meza, alipo binti. Nimeshaliona hilo jicho. Sitakuwepo.

Ila bati halifungi. Yake imepanda kuliko yangu. Imepanda na mabaki ya ngano ndani yake, imezidi ukingo kwa upana wa kidole. Daftari nimeliweka juu ya kifuniko, naandika nikiegemea kwa mkono mzima. Sebuleni mama anasema sasa tuonje kazi ya mikono ya binti yetu. Viti vinasogezwa. Nakandamiza, kifuniko kinashuka. Nalegeza, kinarudi.