Macho ya Mtoto wa Niyigena

Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021

Mtoto wa Niyigena, yule mama wa Kalengera, amegeuka manjano. Ana siku nne tu, na alizaliwa kabla ya miezi yake. Tumemlaza chini ya taa ya bluu. Macho nimemfunika mwenyewe kwa kitambaa cheusi, nikamweleza mama yake: taa hii inaponya mwili, lakini macho inayaumiza. Mimi ndiye niliyetumwa semina ya tiba ya mwanga, bwana! Asubuhi nimemgombeza Habarurema mbele ya akina mama. Ameacha taa kubwa ya dari inawaka na watoto wamelala. Muzee mzima, nesi kabla yangu, akajibu tu: sawa, mama. Nikajiona mtu.

Jumapili, tarehe 23 Mei

Mlima wa moto umelipuka jana jioni. Tuko hai. Ardhi haitulii.

Jumanne, tarehe 25 Mei

Niandike tu.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimemfungua mtoto macho ili nimsafishe. Ardhi ikatikisika, ukuta ukapasuka. Nikatoka mbio. Sikumfunika. Sikuzima taa. Mkono mmoja ungetosha! Uani nikawawaza wanangu, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani Mabanga. Nikawakuta wazima. Nikakaa nao, nikanywa chai — chai!

Nimerudi saa nane. Akina mama walikuwa bado wamezuiwa nje kwa sababu ya nyufa. Mtoto alikuwa amefunikwa. Habarurema, aliyebaki peke yake na watoto wa oksijeni chumba cha pili, alimkuta saa saba, macho wazi chini ya taa. Ameniambia hivyo tu, akaenda zake.

Nami nikachukua fishi, ile karatasi ya kila zamu. Saa nne: macho yamefunikwa. Saa sita: yamefunikwa. Saa nane: yamefunikwa. Nikatia sahihi yangu. Nyani haoni kundule.

Jumatano, tarehe 26 Mei

Macho ya mtoto ni mekundu, yanatoa machozi. Dokta Cyprien amesoma fishi yangu, akasema basi si taa, labda ni uchafu. Akaandika dawa ya matone. Habarurema alikuwepo. Akaendelea kukunja mashuka. Baadaye amenishika kwenye ukumbi: "Fishi ni yako, Nasiba. Miye sitaisema badala yako."

Kisha Niyigena akaniletea viazi vya kuchemsha. "Batu bote balikimbia, mama muganga. Weye haukumuacha mutoto wangu. Mungu akubariki."

Nikavila. Vyote. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, tarehe 27 Mei

Serikali imetuamuru tuhame mji. Tuko juu ya lori na akina mama na watoto wao, njia ya Sake. Watu, magodoro, mbuzi, hakuna kinachosonga. Gari la Dokta Cyprien liko mbele yetu. Atawavusha ziwa wagonjwa wachache mpaka Bukavu, kwa waganga wakubwa. Amebakiwa na nafasi moja. Asubuhi ameniuliza mara mbili kama kuna mtoto wa kuonwa na daktari wa macho. Mara mbili nimesema hapana, dokta.

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu wa semina.

Niyigena amekaa kando yangu. Mtoto amefumbua macho, jua likampiga, akayafumba na kulia. Mama yake anamfunika kwa kitenge na kumbembeleza. Anasema labda ni vumbi. Nishuke nimwambie dokta? Ni hatua thelathini, si zaidi. Miguu iliyokimbia Jumanne leo haitaki.

Niyigena ananiangalia ninavyoandika. Hajui kusoma. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia: habari za mtoto wako. Amefurahi mpaka amewaambia wengine kwenye lori. Sasa amenisogelea, mtoto amemlaza mapajani mwangu.

"Basi unisomee, mama muganga. Tangu mwanzo."

Magari ya mbele, na lile la dokta, yameanza kunguruma.