Kondoo wa Muuza Maharage

Jumanne, Endagikot

Basi nimemrudisha kondoo, na mtoto wake pia, jamani.

Mwanangu Paskalina ni kapteni jeshini, ndiye anayekagua chakula kinachonunuliwa kambini. Nani mwingine hapa Endagikot amezaa kapteni? Jana nilimwambia kwa simu kwamba mfanyabiashara mmoja wa Katesh aliniachia kondoo nimfugie, kama tunavyofugiana huku, na anayefuga hupewa mzao.

"Mama, si ndiye anayetuuzia maharage?"

"Ndiye. Lakini si zawadi, ni wa kufuga tu."

"Siku akileta maharage mabovu, nitayakataaje? Nitafukuzwa kazi, mama. Mrudishe."

Hapo niliogopa kweli. "Na huyu mdogo aliyezaliwa juzi?"

"Na huyo!"

Leo mwenye kondoo amekuja kuwachukua. "Shikamoo mama. Kwani nimekosa nini?"

"Marahaba. Hujakosa, ila binti yangu hanunuliki, hata kwa mkia mnene namna hii." Nilisema kwa sauti, majirani wasikie.

Wamesikia. Ila yule mdogo amelia mpaka barabarani, nami nikajifanya nafagia.