Mabawa ya Gari la Athmani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Hapa Bofu tu wazima, alhamdulillahi, ila mamako magoti yanamsumbua.

Umeuliza kama kweli ndugu yangu Athmani aliunda gari akiwa kipofu. Alilianza akiona. Miaka ya themanini alitamani gari la mbio la umbo la kizamani, lenye mabawa marefu ya mviringo ya kufunika magurudumu. Tulichonga kalibu za mbao na plasta, yaani maumbo ya kufinyangia, tukatandaza juu yake vitambaa vya faiba na kuvipaka gundi vigande kwa umbo hilo. Bawa la kushoto lilitoka zuri, wallahi. Tulipokuwa tukichanganya gundi ya bawa la kulia, dawa ya kuigandisha ikamrukia machoni. Hospitali walijaribu. Hakuona tena.

Mimi sikutaka hata kulitazama gari lile. Lakini asubuhi moja nilimkuta uani, mkono mmoja juu ya bawa la kushoto, wa pili kwenye kalibu ya la kulia.

"Khamisi, hapa pamebonyea. Lete plasta."

"Athmani, tuache."

"Macho yamekwenda. Na mikono niizike?"

Nikaleta. Alipapasa, nikaongeza, akapapasa tena, hata kalibu ikalingana na bawa la kushoto, ndipo tukatandaza faiba. Injini hatukuipata, na gari halikutembea kamwe. Siku tulipofunga bawa hilo aliniuliza, "Lina rangi gani?"

"Bado hatujalipaka."

"Basi usilipake," alisema. "Hivi lilivyo, nalijua lote."

Alifariki gari likiwa halijaguswa na rangi.

Mungu akulindie macho yako.

Babu yako,
Khamisi