Kichwa cha Treni Kilichosaga Mahindi Chechelesi

Jumatatu, 12 Mei
Nimechota maji, nimefagia kinu, nimepangusa injini. Haijawaka tangu kinu cha umeme kifunguliwe ng'ambo ya barabara. Naipangusa tu.

Madam wa historia amekubali mada yangu. Darasani walicheka. "Isiolo hakuna reli, wewe unaandika treni?" Waamuzi wa mashindano ya kaunti watakuja kuiona injini Jumamosi ya wiki ijayo. Wacheke.

Jumatano, 14 Mei
Nimemaliza kuandika. Kichwa chenye injini hii kilikuwa kati ya vichwa vya treni vya kwanza vya dizeli, wakati vingine vyote vilienda kwa mvuke. Kazi yake kupanga mabehewa stesheni. Kuvuta, kusukuma, kurudi. Hakikuwahi kwenda safari. Kilipochakaa, Awowe, babu yangu marehemu, alinunua injini yake na honi, akavileta hapa kwa lori. Injini ikasaga mahindi. Wanawake walikuja kutoka mbali, hata Kinna. Honi ililia kila magharibi ya Ramadhani, mtaa mzima wa Chechelesi ukafungua saumu.

Nimeeleza hata vyuma vyake, kimoja kimoja.

Ijumaa, 16 Mei
Nimewasomea nyumbani. Ayeyo, bibi yangu, alisinzia. Aliyesikiliza ni Adeer Liban, ndugu mdogo wa baba. Hajawahi kunisikiliza.
"Hapo kwa shaba, soma tena."
Nikasoma.
"Na hiyo shaba iko upande gani, Hodan?"
Nikachukua tochi, nikamwonyesha. Akaniita profesa. Nimefurahi mpaka naona haya.

Jumanne, 20 Mei
Nimerudi shuleni nikakuta watu wa vyuma chakavu na gesi ya kukatia. Injini vipande vipande. Honi imeng'olewa. Adeer anawaonyesha shaba, kwa maneno yangu mwenyewe. Ayeyo alikuwa msibani Garbatulla. Adeer alijua.

Nililia mbele ya wageni. "Wacha kelele, profesa. Chuma hakiliwi. Lori langu linataka tairi."

Namchukia. Sifuti.

Alhamisi, 22 Mei
Adeer ameniletea viatu vya shule. Vinanitosha kabisa. Sivivai.

Madam anasema niendelee, historia haihitaji kitu kiwe bado kipo. Labda. Mimi nilihitaji.

Nimeongeza ukurasa wa mwisho. Adeer ameusoma. "Andika iliuzwa, basi. Jina langu la nini?" Ayeyo alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Liban, kama ulifanya vizuri, unaogopa nini kuandikwa?"

Jina limebaki.

Jumamosi, 24 Mei
Waamuzi wamekuja, wawili. Hapakuwa na kitu ila sakafu yenye mafuta. Nikasoma yote. Kwenye jina la Adeer sikushusha sauti. Alikuwa nje, anafunga tairi.

Mwamuzi mama akauliza kama kuna picha. Hakuna. Akaomba nimwonyeshe injini ilikuwa kubwa kiasi gani. Nikatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikainua mkono mpaka kimo chake. Kisha akavuka chumba kuja kunishika mkono. Hakupita katikati. Alizunguka.